Watoto wameleta uyoga mweupe kutoka kwenye misonobari. Nitajuaje kama una sumu?

BabaNeema, Bweyale

Habari zenu wakubwa. Naomba msaada, na naomba haraka kidogo.

Mimi ni mtu wa Bunia lakini sasa naishi hapa Bweyale na familia. Juzi mvua ilinyesha usiku kucha. Jana asubuhi watoto wangu wawili walikwenda kuokota kuni kwenye shamba la misonobari la tajiri mmoja, ile miti wengine wanaiita paini, wakarudi na kikapu cha uyoga kimejaa hadi juu. Mwingi ni mweupe, na baadhi una rangi ya kijani iliyofifia katikati ya kofia, kama majani yaliyopauka kwa jua. Ukubwa ni kama kiganja changu. Shina lina kitu kama sketi ndogo inayoning'inia. Walikata kwa kisu cha jikoni, kwa hiyo ni safi kabisa, hauna udongo. Humo humo kuna uyoga mwingine mdogo mdogo kama vifungo vya shati. Huo wanasema waliuokota kwenye kichuguu nje ya shamba.

Mama mkwe wangu alifurahi sana. Anasema huko kwetu Ituri wameula uyoga mweupe kama huu tangu yeye msichana, na karanga zilikuwa zimeshasagwa. Mimi nilisimama mlangoni nikamwomba angoje. Hakupenda. Sasa anasema tuchemshe pamoja na kitunguu: kikibaki cheupe tule, kikiwa cheusi tumwage. Nyumbani nyama hatujaonja tangu Pasaka, kwa hiyo hata mke wangu ananiangalia vibaya.

Je, hilo la kitunguu ni kweli? Na kama tukiukausha juani siku mbili tatu, sumu haiishi? Uyoga bado uko ndani ya kikapu.

MzeeWaKoboko

Salaam kaka. Usitishike sana. Sisi huku Koboko tumekua tukila uyoga wa porini na bado tupo. Kitunguu ni kipimo cha wazee, na wengine hutumia kijiko cha fedha. Pia uangalie kama funza au konokono wameutafuna. Mdudu hali kitu cha kumuua. Ukiona umetobolewa tobolewa, ule kwa amani. Na maji ya kwanza ya kuchemshia umwage.

Adyeri_Masindi

Baba Neema, asante kwa kusimama mlangoni. Najua si jambo jepesi mtu kumzuia mama mkwe wake asipike. Usiupike, usiukaushe, usimpe jirani wala mbwa. Weka kikapu juu mahali mtoto hafiki, kisha soma haya polepole. Nitaandika marefu, unisamehe, jambo hili limo moyoni mwangu miaka mingi.

Mzee wetu wa Koboko, nakuheshimu, na ninaamini umekula uyoga salama maisha yako yote. Lakini hicho ulichokuwa unakula salama kilikuwa salama hata kabla ya kitunguu kuingia sufuriani. Kitunguu hakijui sumu ya uyoga. Kijiko cha fedha hakijui. Konokono anakula uyoga unaoua watu na anaendelea na safari yake, kwa sababu mwili wake si kama wetu. Funza hivyo hivyo. Na maji ya kwanza ukimwaga, sumu ile mbaya kuliko zote hubaki ndani ya nyama ya uyoga. Moto hauivunji. Jua haliivunji pia, Baba Neema, kwa hiyo ule uliokaushwa na kuwekwa miezi kadhaa bado unaua.

Sasa niwaeleze kwa nini nasema hivi.

Nilizaliwa kambini Masindi, baba alikuwa askari, na Kiswahili ndicho tulichochezea. Likizo tulipelekwa kwa bibi kijijini, ukingoni mwa msitu wa Budongo. Bibi ndiye aliyenifundisha uyoga. Hakunipa kisu hata siku moja. Alinipa kijiti kilichochongwa ncha, akaniambia uyoga haukatwi, uyoga unachimbwa utoke na kitako chake. Nilikuwa mtoto, sikuuliza sababu. Nilidhani ni adabu tu, kama ile ya kutopiga mluzi usiku.

Nilipofika P.6, yaani darasa la sita la msingi, nilihamia kwa shangazi, mahali penye mashamba ya miti ya kupandwa. Asubuhi moja baada ya mvua nilichukua kisu cha jikoni nikaenda peke yangu. Kisu ni haraka, na uyoga unafika nyumbani msafi. Nilijaza sufuria. Shangazi alinisifu mbele ya majirani. Aliupika na karanga, tukawa na viazi vitamu pembeni. Siku hiyo jino lilikuwa linaniuma, nikanywa uji tu. Walikula yeye na binamu yangu wa miaka tisa. Walisema ni mtamu kuliko kuku.

Walikula saa mbili usiku. Usiku mzima hakuna kitu, wamelala vizuri. Alfajiri, kama saa kumi na moja hivi, shangazi akaanza kutapika, kisha mtoto. Kuhara kulikuwa kama maji ya mchele. Tuliwapeleka kliniki iliyokuwa karibu, wakaambiwa ni malaria, wakachomwa sindano, tukarudi. Hakuna aliyewauliza walikula nini, na sisi hatukusema. Hatukuficha. Haikutujia akilini, kwa sababu tulizoea kwamba chakula kibaya humkamata mtu papo hapo, na hiki walikuwa wamekilalia usiku mzima.

Kilichoniuma kuliko yote ni siku ya pili yake. Shangazi aliamka mzima. Kuhara kumekatika, amekunywa chai, amefua nguo, anacheka. Jirani alileta ndizi za kumpongeza. Siku ya nne macho yake yakawa ya manjano kama kiini cha yai. Siku ya sita tulimzika. Binamu yangu alipona, lakini alilazwa wiki nyingi katika hospitali kubwa, na huko ndiko daktari wa kwanza aliyeuliza: mlikula nini?

Daktari huyo aliomba mtu arudi mahali uyoga ulipochumwa. Tulikwenda mimi na mjomba. Vile visiki vya mashina nilivyoviacha vilikuwa bado vimesimama kwenye majani makavu ya paini. Mjomba alichimbua kimoja kwa panga. Chini ya udongo, shina lilikuwa limevimba na limekaa ndani ya mfuko mweupe uliochanika, kama mtu ameweka shina ndani ya ganda la yai. Nilipokata kwa kisu, nilikuwa nimeiacha ardhini ile alama pekee ambayo ingetuambia.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwako si rangi. Nataka kujua chini kuna nini. Watoto wako wamekata, kwa hiyo hata mimi nikija nikakitazama kikapu chako, sehemu muhimu haimo. Nakuomba uende leo na watoto wakuonyeshe mahali, uchimbe visiki walivyoviacha. Chimba mbali kidogo na shina, nyanyua bonge zima la udongo, kisha uutoe udongo kwa vidole taratibu kwa sababu mfuko ule huwa laini na hubaki chini kirahisi. Kuushika hakudhuru ngozi, nawa mikono tu baadaye.

Ukikuta mfuko kama nilivyosema, na juu yake pete (hiyo unayoita sketi), na chini ya kofia zile kurasa nyembamba ni nyeupe na hazijashikana na shina, basi huo ni wa jamii inayoitwa Amanita. Katika jamii hiyo wapo wanaoliwa, huko Zambia na kusini mwa Tanzania watu wanauza Amanita sokoni wakati wa mvua, lakini humo humo wamo wauaji wakubwa kuliko uyoga wote duniani. Mmoja wao, Amanita phalloides, una kofia ya kijani iliyofifia. Asili yake ni Ulaya. Nusu ya kofia yake inatosha kumuua mtu mzima. Kwa maneno uliyoandika siwezi kukuambia ndio huo, na mtu yeyote atakayekuambia kwa uhakika kupitia simu usimwamini. Lakini kijani, pete, weupe na misonobari kwa pamoja vimenifanya nishindwe kula chakula cha mchana.

Misonobari hii haikuwa yetu. Ililetwa kwa ajili ya mbao. Na mche wa msonobari haukui vizuri bila ukungu fulani unaoishi kwenye mizizi yake, mti unaupa sukari, ukungu unaupa mti maji na chumvi za udongo. Kwa hiyo miti ilipokuja, udongo na ukungu wake vilikuja pia. Amanita phalloides umeonekana kwenye mashamba ya misonobari Tanzania na Afrika Kusini. Wazee wetu hawakuwa na misonobari, kwa hiyo hawakuwa na elimu ya uyoga wake. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zangu zote, kwamba alichokijua Ituri ni kweli, kwa miti ya Ituri. Mahali pengine uyoga unaofanana sura unaweza kuwa mwingine kabisa. Yaliyompata shangazi yangu ndiyo hayo: alikuwa mtaalamu, lakini wa msitu mwingine.

Sasa uyoga wa mchwa, maana huo ndio uyoga wetu hasa. Waganda wana ukoo mzima unaoitwa Butiko, yaani uyoga. Mume wangu ni wa ukoo huo, hali mwiko wake, na watoto wangu wanamfuata baba yao, kwa hiyo nyumbani kwangu napika sufuria mbili.

Mchwa ni wakulima. Ndani ya kichuguu wanatafuna majani makavu na miti, wanajenga kitu kama sega, na juu yake wanaotesha ukungu wanaoula. Mvua zikija, ukungu huo unatuma uyoga juu. Kwa kuwa unatoka chini kabisa, una mzizi mrefu mgumu, wakati mwingine mrefu kuliko shina unaloliona juu. Na katikati ya kofia una chuchu ngumu iliyochongoka, ndiyo inayotoboa udongo. Ukichimba utaona mzizi unashuka, unashuka, na hakuna mfuko. Hicho ndicho kijiti cha bibi kilikuwa kinatafuta. Mpaka leo hakuna mkulima anayeuotesha shambani, kwa sababu hauishi bila mchwa. Baadhi nao una pete, kwa hiyo pete peke yake isikuhukumie.

Wale wadogo kama vifungo, Waganda wanauita obubaala, ni ndugu wa huo. Unatoka kwa mamia baada ya mchwa kutoa mabaki ya masega yao nje. Huo hauna mzizi mrefu, na hapo ndipo kanuni yangu inapoyumba. Unatambulika kwa kutokea pamoja kama mchele uliomwagika, na kwa kuchumwa na mtu anayeujua. Ila huo wako umelala kikapu kimoja na ule mwingine, vipande vimeshachanganyika. Utupe wote. Najua inauma.

Na kichuguu nacho si cheti. Kuna uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, unaota kwenye nyasi, uwanjani, hata kando ya vichuguu. Jina lake ni Chlorophyllum molybdites, na upo sehemu nyingi za nchi za joto. Unafanana na wa mchwa kiasi kwamba hata mimi nimewahi kuinama kwa furaha. Ukiwa mchanga kurasa zake ni nyeupe, ukikomaa zinakuwa za kijani kama maji ya bwawa. Kwa kawaida hauui mtu mzima, lakini ndani ya saa moja hadi tatu utatapika mpaka uone nyota, na mtoto mdogo anaweza kufa kwa kukaukiwa maji.

Kwa huo kuna kipimo kimoja cha kweli, nacho hakihitaji sufuria. Chukua kofia iliyokomaa, kata shina, ilaze kurasa zikitazama chini juu ya karatasi, nusu ya karatasi nyeupe na nusu uliyoipaka masizi ya sufuria. Funika na bakuli. Asubuhi utakuta vumbi limeanguka na kuchora kama gurudumu. Vumbi la kijani ni huyo Chlorophyllum. Amanita hutoa jeupe, utaliona upande wa masizi. Wa mchwa hutoa la waridi hafifu. Lakini nisikilize: la waridi si ruhusa ya kula, upo uyoga mwingine wenye sumu, jamii ya Entoloma, nao hutoa la waridi. Kipimo hiki kinakataza tu, hakiruhusu.

Na ule mdogo wa kahawia unaoota kwenye magogo yaliyooza, uacheni kabisa. Ndani ya hilo kundi kuna wenye sumu ile ile iliyomuua shangazi.

Nenda ukachimbe, kisha utuandikie. Nitakaa hapa hapa.

Sista_wa_Zamu, Lira

Mimi ni nesi. Adyeri, pole sana kwa shangazi yako. Niongeze upande wa wodi, maana hadithi hiyo naijua.

Muulizeni mgonjwa saa. Akianza kutapika ndani ya saa mbili tatu baada ya kula, mara nyingi ni sumu ya tumbo, ataumwa lakini akipewa maji ya kutosha atapona. Akianza baada ya saa sita au zaidi, hapo tunaogopa ini. Lakini kama kikapu kilikuwa na uyoga wa aina mbili, kama hiki cha Baba Neema, kutapika mapema hakumaanishi uko salama, kwa sababu ule wa pili unaweza kuwa unangoja zamu yake.

Ile siku ya nafuu inatudanganya hata sisi. Tumbo limetulia, ndugu wanaomba waruhusiwe, na ini linaendelea kufa ndani. Sumu hiyo inazuia seli zisitengeneze protini. Inatoka kwenye ini na nyongo, inaingia utumbo, utumbo unaifyonza tena, inarudi kwenye ini. Inazunguka. Ndiyo maana tunatoa mkaa wa dawa zaidi ya mara moja, tunaukamata ule mzunguko, tunaweka dripu, na daktari anaweza kuongeza penisilini ya mshipa kwa wingi au ile dawa inayotumika kwa waliokunywa panadol kupita kiasi. Huko Ulaya wanatumia pia silibinini, inayotoka kwenye mmea mmoja wa miiba. Ini likishakufa kabisa kinachobaki ni kupandikizwa jingine. Kwa hiyo kila saa ina thamani.

Mkila kitu na mkaanza kuwa na wasiwasi, msingoje dalili. Njooni wote mliokula, hata ambaye hajisikii chochote. Leteni uyoga uliobaki, hata maganda, hata matapishi, ndani ya karatasi au jani la mgomba, si kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) maana ndani ya kaveera unaoza na kuwa uji. Semeni saa mliyokula na watu wangapi. Msimlazimishe mtu kutapika, msimpe mafuta wala mayai mabichi. Maji ya chumvi na sukari anaweza kunywa njiani kama hatapiki mfululizo. Na tafadhali, hata kama daktari hajauliza, semeni wenyewe neno "uyoga" mara ya kwanza mnapofika mlangoni.

MzeeWaKoboko

Adyeri, mwanangu, pole. Nimesoma mara mbili. Nilichoandika juu ya kitunguu nakiondoa, mtu asikifuate. Nikiwaza vizuri, mama yetu alikuwa anachuma sehemu tatu tu, kila mwaka zile zile, na akikuta uyoga hata hatua kumi nje ya hapo alikuwa anaupita. Kitunguu alikitia kwa ladha. Sisi watoto ndio tulikifanya kipimo.

BabaNeema

Nimerudi sasa hivi. Nilikwenda na watoto, na mama mkwe alisema naye anakuja, tukambeba kwa boda mpaka kwenye lango la shamba.

Visiki tulivikuta. Nilichimba kama ulivyosema, bonge zima. Cha kwanza mfuko ulibaki chini nikadhani hakuna kitu. Cha pili nilikwenda taratibu, na ulikuwa pale. Mweupe, mwembamba, umechanika juu, shina limekaa ndani yake kama mguu kwenye soksi. Nilichimba vitano, vyote vitano hivyo hivyo. Halafu mtoto wangu mkubwa akaonyesha vitu viwili kama mayai ya bata vinachungulia kwenye majani makavu. Nilikipasua kimoja katikati kwa kisu. Ndani kulikuwa na uyoga mzima mdogo, umelala umejikunja, na kofia yake na shina lake.

Mama mkwe alichuchumaa akakitazama muda mrefu. Akasema kwao hakuna miti hii. Akasema tena, wao walichuma chini ya miti mikubwa ya msituni na karibu na vichuguu, na uyoga wenye yai hawakuwa wanaugusa, lakini yeye hajawahi kuuona umekatwa ukawa msafi namna ile ndani ya kikapu, kwa hiyo hakuutambua. Alikuwa analia kidogo. Alinishika mkono.

Karatasi ya masizi nimeitega, ila nadhani majibu tunayo.

Sasa nifanyeje na kikapu? Na watoto waliushika jana wakala mihogo bila kunawa, je wako hatarini?

Adyeri_Masindi

Baba Neema, nimesoma ujumbe wako nikashukuru Mungu kwa sauti, mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini.

Watoto wako salama. Sumu hii inaingia kwa kula, si kwa kushika, na chembe za kwenye vidole ni kidogo mno. Kama hawakutafuna mbichi, na uwaulize kwa upole bila kuwatisha ili waseme kweli, basi hakuna tatizo. Wakikuambia mmoja alionja, hata kipande, hata kama anacheza mpira sasa hivi, nenda hospitali usiku huu huu na moja ya yale mayai mkononi.

Uyoga wote, na wa vifungo pia, chimbia shimo la kufika gotini au utumbukize chooni. Usiutupe jalalani, kuku na mbwa wa majirani watafukua. Kikapu kioshe kwa maji mengi na sabuni, kisu pia. Ila bakiza mmoja mzima wenye mfuko wake na pete yake, ufunge kwenye gazeti, uanike mahali pa juu penye upepo. Makerere wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na watu wa elimu ya ukungu wanaweza kuutazama kwa darubini na kuupa jina la uhakika. Andika kwenye gazeti tarehe, mahali, na kwamba ulikuwa chini ya misonobari. Na umwonyeshe mwenyekiti wenu wa LC1, yaani baraza la kijiji, pamoja na watu wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, maana shamba hilo lina njia, na watoto wa watu wengine wanapita humo humo wakitafuta kuni. Nakuomba sana hilo la LC1 usilichelewe, mvua bado zinaendelea.

Kuhusu sufuria ya leo: mimi nina kibanda cha uyoga wa oista, naotesha kwenye mifuko ya maganda ya mbegu za pamba. Nikipita Bweyale Jumamosi nitawaletea mifuko miwili. Unaining'iniza mahali penye kivuli, unainyunyizia maji asubuhi na jioni, na baada ya muda si mrefu mama anachuma mlangoni. Si mtamu kama wa mchwa, sitamdanganya mama mkwe, lakini kwenye karanga unakubali.

BabaNeema

Watoto wamesema hawakuonja, nimewauliza mmoja mmoja. Uyoga umezikwa, na mmoja uko kwenye gazeti juu ya kabati. Mwenyekiti nimempigia, kesho saa mbili asubuhi tunakwenda naye shambani pamoja na mama wa VHT.

Kwenye karatasi, upande wa masizi kumeanza kuonekana vumbi jeupe.

Mama mkwe anakusalimu, anasema ubarikiwe. Anauliza kile kijiti cha bibi yako kilichongwa kwa mti gani na kilikuwa na urefu gani, anataka awachongee wajukuu.

Adyeri_Masindi

Mwambie ni mpera, haupindi kirahisi. Urefu ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kwa mkono wa mtu mzima hata kama anayekishika ni mtoto, kwa sababu mzizi wa uyoga wa mchwa unashuka mbali. Ncha bibi aliipitisha kwenye moto kidogo iwe ngumu. Jumamosi nitakuja na changu aone.